Jina Langu Kwenye Mlango wa Jiwe

Jumatatu, 9 Agosti 1982. Andoany

Rafiki yangu Charifa amerudi kutoka Mahajanga na boti ya asubuhi. Hakupita hata sokoni — kaja moja kwa moja kwangu, kapu bado kichwani. Akasema, Zaharia, keti kwanza.

Nikadhani ni msiba. Kumbe si msiba. Au sijui ni nini.

Huko Mahajanga alilala kwa Koko Rabiata, bibi jirani yetu wa zamani pale mtaa wa Mahabibo. Koko kampa maneno anifikishie. Wachoma makaa wanaotoka msituni, upande wa barabara ya kwenda Tana, mji mkuu, wanasema kuna jiwe kubwa huko ndani, jiwe la mchanga lililotoboka katikati kama mlango. Wenyewe wanaliita Varavarambato, mlango wa jiwe. Chini yake mtu huadhini. Hawamwoni, wanamsikia tu. Akishaadhini huita jina. Jina lilelile siku zote.

Nikamwambia, jina gani? Charifa akatazama mlango kwanza.

Zaharia.

Wako akina Zaharia wangapi Mahajanga! Nimemwambia hivyo. Nimecheka hata. Kisha nikaona nimemwaga mchele wote niliokuwa napepeta, na mchele siku hizi unavyotafutwa kama dawa.

Mouigni. Haya, nimeliandika. Sijaliandika jina hili tangu kadhi aivunje ndoa yetu.

Desemba ile ya '76, watu walipotuwinda sisi Wangazija mtaa kwa mtaa, nilipandishwa lori pamoja na wanawake wengine tupelekwe kambini kwa askari. Mouigni alisema anarudi kumchukua mama yake. Mama mtu tulimkuta kambini, mzima! Yeye hakurudi. Hakuonekana kwenye maiti. Hakuonekana kwenye ndege zilizowapeleka watu Ngazija. Wako waliosema alikimbilia porini na wenzake. Mimi nikaja huku Nosy Be kwa jamaa zangu, nikangoja miaka minne. Kadhi akasema inatosha. Mwaka jana nikaolewa na Houssen.

Houssen hajui bado. Yuko tanurini. Sijui nitaanzaje.

Jumanne, 10 Agosti

Nimemwambia. Alikuwa anakwangua masizi ndani ya tanuri — unga hakuna tangu mwezi uliopita, mkate hakuna, lakini hawezi kukaa bure. Alinisikiliza kichwa kikiwa ndani. Alipotoka alikuwa mweusi mpaka kope.

Aliuliza kitu kimoja tu: ni sauti ya mwanamume?

Ndiyo.

Akasema tutakwenda wote wawili. Nikamwambia watu watakucheka, mume kumpeleka mkewe kumtafuta mume mwingine! Akasema, wacheke. Wakimaliza kucheka nitakuwa bado sijui nalala na mke wa nani.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Jioni tulipita kwa kadhi. Mzee alivuta tasbihi kwa muda mrefu bila kunitazama. Mleteni kwanza, alisema. Hukumu baadaye. Kisha akamshika Houssen mkono, akauweka mkononi mwake kama anampa pole.

Alhamisi, 12 Agosti. Ankify

Tumevuka mpaka bara. Nimetapika njia nzima. Sasa tunangoja lori lijae.

Bibi mmoja mwenye kuku kamwuliza Houssen tunakwenda wapi. Akajibu: tunamtafuta ndugu yetu.

Ndugu!

Tangu jana anawajibu watu wote hivyo, na kila mara anasema kana kwamba ni kweli.

Jumapili, 15 Agosti. Njiani

Vumbi. Lori limekufa mara mbili. Tunalala juu ya magunia ya kakao, nguo zote zinanuka uchachu. Sina la kuandika. Houssen amevimba miguu.

Jumanne, 17 Agosti. Mahabibo

Koko Rabiata amezeeka, jamani. Amenishika uso kwa mikono miwili akalia bila machozi. Kisha akamtazama Houssen, akamtolea kile kiti chake kizuri chenye mto.

Tumekula wali na majani ya muhogo. Koko akaeleza yote upya, kwa Kingazija, polepole. Watu wa kile kijiji cha karibu na jiwe huacha mchele mbichi kwenye sahani ya bati, mbali kidogo, wakakimbia. Kesho yake mchele haupo. Sahani ipo — imeoshwa, imefunikwa kifudifudi.

Wao wanasema ni jini, alisema Koko. Mimi nawaambia jini haoshi sahani.

Halafu akamgeukia Houssen: na wewe, mwanangu, unatafuta nini huko?

Namsindikiza mke wangu, Koko.

Koko akavuta chungu. Akamwongezea wali bila kumwuliza.

Jumatano, 18 Agosti

Nimepita kwenye nyumba yetu. Sikumwambia mtu.

Mlango umepakwa rangi ya buluu. Nguo za watoto kwenye kamba. Dada mmoja mchanga akatoka na beseni, akanisalimu vizuri tu, mbola tsara, akaniuliza namtafuta nani. Nikasema nimepotea njia.

Mtaa mzima watu wanazungumza kwa sauti ya kawaida. Wananunua mafuta ya taa. Wanabishana bei ya samaki. Sijui nilitarajia nini. Nyumba tatu zilizofuatana kulikuwa na watu ninaowajua. Sasa kuna watu.

Ijumaa, 20 Agosti. Kijijini, ukingoni mwa msitu

Tumeshushwa barabarani asubuhi, tukatembea mpaka hapa. Nyumba chache za matope na ukindu. Amejitokeza Jaotombo, mrina asali, mtu wa makamo mwenye jicho moja lenye ukungu. Anakubali kutupeleka kesho. Chini ya jiwe lenyewe haingii. Atatungoja kwenye miti.

Houssen akamshukuru. Jaotombo akauliza, kwa Kisakalava chake cha haraka: kati yenu nyie wawili, anayeitwa ni nani?

Nikasema mimi.

Alirudi nyuma hatua moja. Mkewe, aliyekuwa ameniletea maji ya ukoko wa wali, alikichukua kikombe changu mkononi mwangu kabla sijamaliza. Akakiweka peke yake, nje, juu ya jiwe.

Nikajiambia, ushamba tu. Lakini baadaye, nimekaa kwenye jamvi, mtoto wa nyumba ya pili alikuwa analia na hataki kunyamaza. Mama yake akamwambia — nilisikia wazi, hatua chache tu kutoka nilipo:

Nyamaza! Zaharia atakuja.

Mtoto akanyamaza papo hapo.

Miaka mingapi wanatishia watoto wao kwa jina langu? Mimi niko Andoany, nashona, nachagua mchele, naolewa — na huku naogopwa.

Houssen alisikia pia. Akaniwekea mkono mgongoni, palepale mbele za watu, jambo asilolifanya hata siku moja.

Jumamosi, 21 Agosti. Msituni, karibu na jiwe

Niandike kwa utaratibu.

Tumeondoka jua limeshatoka. Msitu wenyewe mkavu, miti imepukutika, myeupe myeupe kama mifupa, na chini mchanga mtupu unaozamisha mguu. Unatembea husikii nyayo zako. Hilo ndilo lililonitia hofu kwanza — watu watatu tunatembea na hakuna kishindo! Nikawa nageuka kila mara kuhakikisha Houssen yupo.

Komba weupe walikaa juu, mikono kwenye magoti kama wazee barazani. Hawakukimbia. Walitugeuzia vichwa tulipopita, basi.

Tukashuka korongo la udongo mwekundu, tukapanda upande wa pili kwa kushika mizizi. Kiatu cha Houssen kikapasuka. Jaotombo akaacha kuongea. Mpaka hapo alikuwa anatuonyesha kila mzinga wake. Akasimama kwenye mti mkubwa wa mwisho, akaonyesha kwa kidevu, si kwa kidole.

Nililiona.

Sikudhani litakuwa zuri. Tao zima la jiwe la mchanga, rangi ya mkate ulioiva, limeinama kutoka mwamba mmoja mpaka mwingine, refu kuliko nyumba ya ghorofa. Katikati uwazi. Na ndani ya uwazi huo unaona msitu wa upande wa pili — miti ileile, mchanga uleule — lakini kama uko mbali zaidi kuliko unavyotakiwa kuwa. Upepo ukipita hapo hutoa mlio wa chini sana. Unausikia kifuani kabla ya masikioni.

Tuliingia mimi na Houssen. Baridi! Nje jua kali, chini ya jiwe baridi ya asubuhi.

Mchanga umefagiwa. Mistari ya ufagio wa vijiti ilionekana bado, mipya. Na katikati mtu amepanga mawe madogo kuonyesha kibla. Pamewekwa mahali pa mtu mmoja kusali: alama za magoti, za viganja, na shimo dogo la paji la uso, limechimbika kwa kusujudiwa miaka na miaka.

Nyuma yake, mahali pa mtu wa pili. Pamezungushiwa mawe pia. Pametandikwa leso iliyopauka mpaka haina rangi, pembe zake zimezuiwa na mawe. Hapo mchanga ni laini kabisa. Hajakanyaga mtu.

Ni mahali pa mwanamke. Mume mbele, mke nyuma. Mtu amesali hapa siku zote hizo na mke asiyekuwepo.

Nilishika ukuta. Houssen aliiona leso, akaelewa, akatoka akasimama juani. Nilimwona mabega tu.

Ndipo adhana ikaanza.

Ilitoka juu, ilitoka pembeni, jiwe liliichukua likaitupa kila mahali. Adhana ya adhuhuri, sauti kavu, imepasuka. Nilijua kwa neno la kwanza. Si yeye! Si Mouigni! Nikamwambia Houssen, si yeye, si sauti yake, na nikawa nalia, na sijui nilikuwa nalilia nini — kwamba si yeye au kwamba nimefurahi si yeye.

Adhana ikaisha. Kisha: Zaharia! Mara moja, kama mtu anayemwita mke aliyeko uani.

Tuligeuka. Mtu alikuwa amesimama pale pale tulipotokea, kati yetu na Jaotombo. Amekonda, ndevu hadi kifuani, amejifunga gunia. Alinitazama. Hakushangaa hata kidogo.

Akasema kwa Kingazija: umechelewa, mke wa Mouigni. Swala imeshaingia.

Jumapili, 22 Agosti. Palepale

Jana hakusema neno jingine. Alisali, akala muhogo wetu, akalala ameegemea mwamba. Sisi tulilala chini ya miti, pale Jaotombo alipotungoja.

Leo asubuhi nimemjua. Ni kwa namna alivyobeba maji: mtungi begani, mkono wa pili umenyooka pembeni kama bawa. Houmadi! Houmadi mwuza maji wa Mahabibo. Alikuwa anatujazia pipa letu kila siku. Alikuwa na mke, Saïda, mcheshi sana, na watoto. Wote walikwisha siku ile ya kwanza ya mauaji. Sikujua kama yeye alibaki.

Houssen alimkalisha, akamkata nywele na ndevu kwa kisu cha Jaotombo, taratibu, huku akimfuta shingo na kanzu yake mwenyewe. Chini ya mikono ya Houssen ndipo alipozungumza.

Walikimbia pamoja, yeye na Mouigni. Walikula mizizi, walikula asali. Mara nyingi Mouigni alijaribu kurudi mjini kunitafuta. Alifika mpaka barabarani. Likipita lori lenye watu, alirudi mbio. Hakuna aliyewaambia kwamba yamekwisha. Wanakijiji waliwaona kwa mbali wakawakimbia, nao wakawakimbia wanakijiji. Mwaka wa pili, mvua zilipokuja, Mouigni akashikwa na homa. Houmadi alimzika upande wa pili wa jiwe.

Kwa hiyo nilikuwa mjane. Miaka ile yote niliyokuwa nasikiliza hatua mlangoni, nilikuwa mjane.

Nikamwuliza: kwa nini unaniita mimi? Kwa nini si Saïda?

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

Saïda nikimwita, nani aje? Jina lako lilikuwa na mtu.

Houssen aliacha kukata. Komba mmoja alishuka, akaruka ruka upande upande mchangani, akapotea.

Nikauliza habari ya ile leso. Akasema Mouigni ndiye aliyeitandika. Mimi nimepatunza tu, alisema. Nilikuwa nafagia, lakini sikupakanyaga. Muulize mwenyewe.

Nikadhani ni ulimi umeteleza. Au kichwa chake, maskini.

Alasiri alitupitisha chini ya tao mpaka upande wa pili. Kaburi lipo kweli. Mchanga umeinuka kidogo, jiwe kichwani. Houssen ndiye aliyesoma Yasini. Alisoma yote, mpaka mwisho, kwa ajili ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuja akimwogopa. Nilimpenda pale kuliko siku zote. Nikaona aibu kwamba nimempenda mbele ya kaburi la mume wangu.

Nimeandika mume wangu. Basi, iache hivyo.

Houmadi amekubali kuondoka nasi kesho. Koko Rabiata atamweka mpaka tujue la kufanya. Alipokubali alitabasamu, meno mawili tu yamebaki, akauliza kama bado kuna watu wanaohitaji kuletewa maji.

Jumatatu, 23 Agosti. Kwenye miti, kabla ya kuondoka

Tulikuwa tayari. Jaotombo ametangulia, tunamsikia anakata matawi njiani. Houmadi amefunga furushi lake — sahani ya bati, mtungi. Amekaa karibu yangu anatafuna muhogo wa mwisho.

Zaharia.

Ilitoka kwenye jiwe. Si kelele. Ni kama mtu anayekuita ukiwa chumba cha pili.

Nilimtazama Houmadi. Mdomo wake umejaa muhogo!

Houssen akasema ni mwangwi. Jiwe limeshika sauti ya juzi. Alisema haraka haraka, akaongeza habari ya upepo, habari ya mapango. Houmadi akameza, akamjibu kwa upole kabisa: hapana, bwana. Mimi huita adhuhuri. Ya asubuhi ni yake, si kila siku. Mimi nilijifunza kwake.

Imeita tena. Anavuta pale katikati, Zahaaaria, halafu anaimalizia chini kama anayecheka. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniita hivyo. Baba hakuniita hivyo. Houssen haniiti hivyo.

Houssen alinigeukia. Ni yeye?

Ningeweza kusema hapana. Juzi nilisema hapana na ilikuwa kweli, angeniamini na leo.

Ndiyo.

Akakaa chini kwenye mchanga. Kiatu chake kilichopasuka kimefungwa kwa ukindu. Houmadi amelifungua furushi lake, ametoa sahani, ameiweka kifudifudi. Haondoki tena, naona. Jaotombo anapiga mluzi kutoka mbali, tumfuate, tumfuate.

Hatimaye Houssen akasema: nenda ukamwambie.

Nimwambie nini?

Kwamba umeolewa. Mwambie na jina langu. Mtu asiyeambiwa hawezi kujua, Zaharia. Atakuita mpaka lini?

Nikasema twende wote. Akatikisa kichwa: haniiti mimi.

Nimemwomba aningoje niandike kwanza. Hajui naandika nini. Kiswahili changu hiki alinifundisha Baba, aliyekulia Unguja, na Houssen hakisomi. Haulizi. Naandika ili nisitembee. Naona kutoka hapa uwazi wa jiwe, na leso, na mahali pale laini nyuma ya shimo la paji la uso. Nikisimama kumwambia, nitasimama wapi kama si pale?

Imeita. Mara hii karibu zaidi, au mimi ndiye niliyesogea.

Nimevua viatu. Naandika nikiwa nimesimama. Houssen anarudia, nenda, usiogope, nakuona kutoka hapa, nenda — na mkono wake umeshika pindo la shiromani niliyojifunga, umelikunja kwenye ngumi, wala hajui kama ameshika.